Ami Alipomjengea Mama Dirisha

Sheria inamkataza mwanamume kumposa mjane aliye edani. Ikiwa moyo umemzidi nguvu, anaruhusiwa kusema kwa fumbo, basi. Ami yangu, mdogo wa marehemu baba, alikuwa mtu wa kushika sana sheria, hasa zile zinazoruhusu. Kwa hiyo hakumposa mama. Alimletea dirisha.

Lakini nianze na ukuta, maana kama ukuta usingeanguka, dirisha lisingepata pa kuingilia.

Nyumba yetu ilikuwa kijijini Kanga, nyumba ya miti na udongo kama za majirani: nguzo za mikoko, fito zilizofungwa kwa kamba za makumbi, udongo uliokandikwa kati ya fito, na makuti juu. Baba aliikandika mwaka aliomwoa mama, na tangu hapo kila mwaka alisema ataikandika upya masika yakipita. Masika yalipita mengi. Baba alifariki kwa homa mwishoni mwa kaskazi, mama akaingia eda katika chumba kilekile walichokuwa wakilala, na kabla hajazoea kukaa peke yake ikaja dhoruba ya kwanza ya mwaka ule. Ilipiga upande wa kusini, upande wa njia iendayo ufukweni, na ukuta wa chumba cha mama ukakaa chini kama mtu aliyechoka kusimama. Fito zikabaki nje, nusu yake zimeliwa na mchwa. Kuta nyingine hazikupata hata ufa. Ukuta ulichagua chumba.

Mjane aliye edani hatoki nyumbani mwake mpaka miezi yake itimie, wala haonwi na mwanamume asiye maharimu wake. Hata shemeji hamwoni. Lakini nyumba ikiwa haikaliki, mwalimu wa msikiti wetu alisema, anaweza kuhamia kwa jamaa aliye karibu. Ndugu za mama wote walikuwa Kilwa. Jamaa aliye karibu alikuwa ami, mwenye nyumba kubwa, wake wawili, na nafasi ya mke wa tatu iliyokuwa ikimnyima usingizi.

Mama aliniita siku ileile ya dhoruba. Alikuwa ameketi kwenye kona iliyobaki kavu, amejifunika kaniki.

"Nikiingia kwa ami yako na mkeka wangu," alisema, "watu watasema nimekwisha kuolewa, na yeye hatawakatalia. Nitakaa humu mpaka nitoke kwa miguu yangu, nikiwa sina deni la mtu. Nataka ukuta usimame, mwanangu. Sitaki kingine."

Kanga haikuwa na upungufu wa mafundi wa kukandika. Ila wote walikuwa wanaume wa watu, na ndani ya chumba kile mwanamume aliyeruhusiwa kuingia alikuwa mwana wa mwenyewe, yaani mimi. Nilikuwa nimehitimu Kurani na kusoma skuli miaka michache. Niliweza kuandika barua kwa herufi za Kiarabu na za Kizungu, na sikuwa nimewahi kufunga fito hata moja. Tena nilikuwa na haya: mtu akiniamkia njiani, jibu langu lilimfikia nikiwa nimekwisha kupita. Kijiji kizima kilimpa mama hongera kwa kupata fundi wa namna hiyo.

Ami alitoa fito, udongo na chokaa, akajitolea pia kuwa msimamizi. Kwa kuwa ukuta ulikuwa wazi na mama yumo ndani nyuma ya majamvi tuliyoyatundika, adabu ilimtaka asitazame. Basi aliweka kiti chake njiani, akaupa ukuta mgongo, akafungua mwavuli, akasimamia. Sijaona tena kazi iliyosimamiwa kwa kisogo.

"Umefunga?" aliuliza.

"Nimefunga, ami."

"Naam. Naona zimenyooka."

Alikuwa akitazama banda la kuku la jirani.

Wanawake ndio waliotuchotea maji na kukanyaga udongo. Aliyewaongoza alikuwa somo yake mama, bibi aliyemfunda mama tangu uwari wake. Umri ulikuwa umemwondolea meno na woga kwa pamoja.

"Bwana," alimwambia ami, "mwambie fundi wako fito ya chini imepinda."

"Nimekwisha kuiona."

"Kwa jicho lipi?"

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akamwaga maji. Ami aliuzungusha mwavuli wake, akasema kwamba watu wasio na kazi ndio wenye maneno. Yeye mwenyewe hakuwa ameshika kitu chochote tangu asubuhi isipokuwa mwavuli.

Nilipofikisha fito kifuani, dirisha likaja. Lilibebwa na wapagazi, limefungwa kwa mikeka kama maiti ya mtu mzito.

Nyumba zetu hazikuwa na madirisha ya kujivunia. Mtu aliacha kitundu cha ukubwa wa sahani chini ya paa, joto na moshi vikapita hapo, na mvua ikaja isikione. Hiki kilikuwa kitu kingine. Kilikuwa kipande cha mbao ngumu ya msaji kilichotolewa katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja iliyobomolewa, chenye vibao vyembamba vilivyopangwa mshazari kimoja juu ya kingine, ili hewa ipite na jua lizuiwe. Kwa ukubwa wake mbuzi angeweza kupita bila kuinamisha pembe.

"Shemeji anakufa kwa joto humo ndani," ami aliitangazia njia yote. "Bomani Chole hakuna chumba kisicho na dirisha kama hili."

Habari za boma la Wadachi aliziweza. Mwaka uliotangulia alikuwa mgeni wao, kwa ajili ya ugomvi wa mpaka wa minazi, nao walimpenda hata wasimruhusu kuondoka mapema. Muda wote huo alitazama dirisha kwa makini, kwa sababu hakupewa kitu kingine cha kutazama. Tangu aliporudi alizungumza juu ya upepo wa Chole kama watu wengine wanavyozungumza juu ya Maka.

Kisha akapaza sauti kuelekea kwenye majamvi, bado ameyapa kisogo. "Dirisha kama hili, shemeji, si la chumba cha mtu mmoja! Lakini mimi sisemi kitu."

"Husemi kitu tangu alfajiri," alisema somo. "Masikio yetu yamechoka kwa kunyamaza kwako."

Nyuma ya majamvi mama alininong'oneza, "Mimi nimeomba ukuta. Dirisha nani ameliomba?"

Swali zuri. Lakini fito zilikuwa za ami, chokaa ilikuwa ya ami, na ami ni ndugu wa baba. Ndugu wa baba hakataliwi hadharani na kijana ambaye hata salamu inamshinda. Nikaacha nafasi kati ya fito, tukaliinua dirisha, wanawake wakilishika kwa nje na mimi kwa ndani. Hapo nikaona kwamba fremu ingekaa namna yoyote, na nikauliza vibao vielekee wapi.

Ami alifumba macho ili alione boma vizuri. "Nikiwa nimelala," alisema, "ncha ya kibao iliyo upande wangu ilikuwa juu, na ile ya mbali ilikuwa chini. Weka hivyohivyo. Upande wangu juu."

"Upande wako huo wa nje, ami?"

"Mimi hapa niko wapi?"

"Uko nje."

"Basi! Upande wangu juu. Au leo utanisomesha?"

Nilitaka kusema kwamba kule bomani alikuwa ndani. Lakini kumkumbusha mtu mzima, mbele ya wanawake, kwamba alikuwa ndani, ni kazi iliyotaka kijana mwingine. Tukaweka ncha za nje juu na za ndani chini, kama alivyoamuru.

Tulikandika, tukatomea vijiwe ili udongo ushike, tukapaka chokaa. Ukuta ulipofungika na mama kuwa salama nyuma yake, ami alisimama, akageuka, akautazama kwa mara ya kwanza.

"Kama nilivyouona," alisema.

Watu walikuja kuangalia. Walisifu weupe wa chokaa na uzito wa msaji, wakamwambia ami kwamba Kanga sasa imekuwa mji. Naye alipokea sifa kwa unyenyekevu mkubwa, akirudia kila mara kwamba hasemi kitu.

Asubuhi iliyofuata mama alikuwa kitandani, anasoma uradi wake, mara sauti ya mwanamume ikamshukia kutoka dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akaitika kabla hajafikiri.

"Pole na msiba. Naona umekaa kivulini, vizuri. Leo nina changu, wabichi kabisa."

Alikuwa muuza samaki, kijana mwema, na kapu lake kichwani. Mama alijivuta kaniki mpaka puani, akaniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni. Nikatoka nje kutazama. Vibao vilishuka kutoka nje kwenda ndani kama ngazi. Jicho likiwekwa juu lilishuka navyo taratibu, kibao kwa kibao, mpaka likafika kitandani. Nilimwona mama, tasbihi yake, na kata ya maji sakafuni. Yeye kwa upande wake hakuweza kuniona. Kutoka kule ndani aliona mbingu, nzuri sana, na mawingu.

Kabla ya adhuhuri watoto wa njia nzima walikuwa wamemwamkia. Hata bibi mmoja asiyeona vizuri alisimama akamwambia kwamba amekonda. Mjane tuliyekuwa tukimficha kwa majamvi, ambaye shemeji yake mwenyewe aliheshimu kivuli chake kwa kisogo, sasa alionyeshwa bure kwa kila mwenda ufukweni.

Nilikwenda kwa ami. Niliyapanga maneno yangu njia nzima, nikayasema yote nikitazama viatu vyake.

"Vibao havina kosa," ami alijibu. "Watu ndio hawana adabu."

Basi mama akatundika jamvi zito juu ya dirisha kwa ndani. Hewa ikazuiwa, mwanga ukazuiwa, joto likarudi kama zamani. Lakini safari hii lilikuwa joto la nyumba yenye dirisha.

Siku si nyingi baadaye masika yakaja yenyewe. Ilikuwa mchana, watu wametoka kusali adhuhuri. Upepo wa kusini ulikuja na mvua ya kulala, ile isiyoanguka chini bali hutembea. Paa la makuti halikudondosha hata tone, na ukuta ulisimama kama ulivyoombwa. Dirisha lilifungua kazi. Kila kibao kilipokea maji kwa nje, kikayateremsha, kikayamwaga ndani, na kibao cha chini yake kikafanya vivyo hivyo, kwa utaratibu ambao hata wanajeshi wa Wadachi wangeupenda. Jamvi likalowa, likaanguka. Sakafu ikawa matope. Nilisukuma kitanda mpaka kona ya mbali, na mama akapanda juu yake na mkeka wake, akakaa kama mtu aliye kwenye mtumbwi. Chini ya dirisha, udongo mpya ulianza kulainika na kumong'onyoka.

Mvua haijapungua vizuri, ami alikuwa njiani mbele ya nyumba. Pamoja naye alikuja mwalimu wa msikiti, na vijana wenye miti ya kubebea kitanda. Sikujua mpaka siku ile kwamba msaada unaweza kuwahi namna hiyo. Wote walitupa kisogo, wamejipanga mvuani kama watu wanaosali upande usio kibla.

"Shemeji!" ami aliita. "Nyumba haikaliki. Mwalimu ni shahidi. Kwangu chumba kiko tayari, kimefagiliwa."

Somo alikuwa amekwisha kufika na gunia kichwani. "Kimefagiliwa lini, bwana, na mvua ndiyo kwanza inanyesha?"

"Kwangu kunafagiliwa kila siku."

"Chumba kisicho na mtu?"

"Mimi sisemi kitu," alisema ami.

Mama aliniashiria nisogee. Maji yalinifika vifundoni. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa kitanda.

"Nikivuka mlango huu leo, mwanangu, nimevuka," alisema. "Litoe hilo."

"Ami je?"

"Ami yako yuko nje. Mimi niko humu. Litoe."

Nilichukua jembe, nikapiga kuizunguka fremu. Sikuhitaji nguvu, ule udongo uliolowa ulikuwa umekwisha kukata shauri kabla yangu. Dirisha liliinama polepole, kama mtu anayeaga kwa heshima, likaangukia njiani nyuma ya visigino vya ami.

"Nini hicho?" aliruka bila kugeuka.

"Fumbo lako," alisema somo. "Limerudi."

Vijana wa kubeba kitanda walitetemeka mabega, na haikuwa kwa baridi. Wanawake wakatandaza leso zao mbele ya tundu kumsitiri mama, nami nikaanza kufunga fito zilizobaki, moja baada ya moja, safari hii nikizijua. Udongo siku ile haukuhitaji kuchotewa maji. Somo na wenzake waliukanyaga palepale njiani na kunirushia madonge kupitia juu ya leso. Mengine nilidaka kwa mikono, mengine kwa kifua. Ami alitoa amri mbili tatu kuhusu kamba. Hakuna aliyezisikia, kwa sababu aliwaambia kuku.

Tundu lilipungua, likawa dogo, likabaki la ukubwa wa sahani chini ya paa. Hapo nikasimama.

Mwalimu alikuwa amevumilia muda wote, joho lake limemgandama mwilini. Ilimpasa atoe hukumu juu ya chumba ambacho hana ruhusa ya kukitazama. Akasogea ukutani kinyumenyume, akaugusa kwa kiganja, akautazama ule udongo kwenye vidole vyake.

"Mama," aliita, "wewe ndiye uliye ndani. Maji yanakuingilia?"

"Hayaingii tena, mwalimu."

"Kuna mtu anayekuona?"

"Nimekuwa nikisikia sauti yako tu."

"Basi nyumba inakalika," alisema mwalimu, na kwa kuwa alasiri ilikuwa imefika, akaenda msikitini, akiwachukua vijana na miti yao. Ami alibaki peke yake na mwavuli. Alikuwa hajaufungua tangu mvua ilipoanza, nadhani alisahau.

Siku ya pili yake mama alinituma nikamrudishie dirisha lake. Nililibeba kichwani mpaka barazani kwake, ambako wanaume walikuwa wameketi wakinywa kahawa, na wote walinyamaza kwa wema ili wasikose neno.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Umelileta la nini? Eda itakwisha, litahitajika."

"Mama anakushukuru," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyoitarajia. "Anasema ukuta unamtosha."

"Ukuta? Mtu hatoshwi na ukuta."

"Anasema unamtosha, ami."

Mmoja wa wanywa kahawa aliuliza kwa upole kama maneno hayo ni fumbo au ni wazi. Sikungoja kusikia jibu. Nilikuwa nimekwisha kufika njiani.

Mama alikaa mle ndani masika yote. Mvua zilikuja nyingine, kubwa kuliko ile, zikaupiga ukuta na kupita. Joto lilikuwapo, sitasema uongo. Alijipepea kwa kipepeo cha ukindu na hakulalamika hata mara moja, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Siku alipotolewa eda wanawake walimwogesha, wakamfukiza udi, wakamvika leso mpya. Moshi wa udi ulikuwa bado umo mlangoni wakati mshenga wa ami alipopiga hodi. Alikuwa mzee wa maneno, na alianza mbali: kwamba nyumba bila nguzo, kwamba chungu na kifuniko, kwamba mkono mmoja na ngoma. Mama alimsikiliza akiwa amesimama uwanjani, juani.

"Mwambie sitaki," alisema alipopata nafasi.

Mzee alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. "Nimwambie hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Usiongeze, usipunguze."

Mzee alipoondoka, mama alizunguka nyumba akaenda upande wa njia. Kwa miezi yote ile aliujua ukuta wangu kwa ndani tu, ambako nilipata nafasi ya kuulainisha. Hakuwa ameuona kwa nje, ambako udongo niliousukuma kwa haraka toka ndani ulitokeza mvuani, madonge juu ya madonge. Mahali palipokuwa na dirisha pametoa tumbo kubwa la udongo, limekauka hivyohivyo.

Aliutazama, akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule.

"Huu ndio ukuta wangu?"

"Ndio, mama."

"Una mimba."

Kisha akaanza kucheka. Alicheka akauegemea, akacheka mpaka wapita njia wakasimama, na hakujifunika uso. Somo alitoka kuona kuna nini. Mama alipanguza macho, akapandisha leso yake mpya magotini, akaifunga.

"Lete maji," aliniambia. "Tuukate huo uvimbe."

"Leo?" alisema somo. "Na nguo mpya?"

"Leo. Nina miezi sijashika udongo."

Nikaenda kisimani kuchota.